Kilima cha Kimihurura na Hoja ya Nyuklia

Msafiri aingiaye Kigali kwa ndege hutua Kanombe, na gari limchukualo kwenda mjini humpitisha Remera, kisha Gishushu, kabla ya kumfikisha kwenye mzunguko mkubwa wa barabara ulio juu ya kilima cha Kimihurura. Hapo macho yake huvutwa na kuba. Ni kuba la Jumba la Mikutano la Kigali, lililofunguliwa mwaka 2016 na kuwapokea mwezi Julai wa mwaka huohuo wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika. Walioubuni mchoro wake waliiga nyumba ya msonge ya wafalme wa Rwanda ya kale. Mchana ni jengo zuri tu miongoni mwa majengo mazuri. Usiku, taa zake zikiwaka kwa rangi za bendera ya taifa, buluu, manjano na kijani, huonekana kutoka vilima vya mbali, na mgeni aliyepotea njia hulitumia kama baharia atumiavyo mnara.

Kimihurura ni kata ya Wilaya ya Gasabo, na imegawanyika katika seli tatu: Kamukina, Kimihurura yenyewe na Rugando. Ni kilima cha Serikali na cha starehe kwa pamoja. Ziko hapo Wizara ya Ulinzi na Wizara ya Sheria, walinzi wakiwa wamesimama wima malangoni. Lakini mgeni akiteremka hatua chache tu, hujikuta katika vichochoro vilivyotandikwa mawe, penye mikahawa na nyumba zenye bustani za maua. Pikipiki za abiria hupanda na kushuka mchana kutwa. Nyingi siku hizi hazina mlio, kwani tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara haiandikishwi mjini Kigali isipokuwa iwe ya umeme, na vijana waziendeshao husimama kubadilisha betri kama walivyokuwa wakisimama zamani kujaza petroli. Hivyo suala la umeme humgusa mpita njia wa Kimihurura hata kabla hajalisikia neno nyuklia.

Jengo ambamo neno hilo limejadiliwa kwa rasmi liko kilimani hapohapo. Ni Bunge la Rwanda, ambalo zamani lilijulikana kwa herufi tatu, CND, yaani Baraza la Taifa la Maendeleo. Wanajeshi wasomao habari za majirani watakumbuka kwamba tarehe 28 Desemba 1993, kufuatana na Mapatano ya Arusha, askari 600 wa RPF waliingia na kukaa humo ili kuwalinda viongozi wao, huku kambi ya kikosi kilichomlinda Rais ikiwa jirani kabisa, kiasi cha risasi kufika bila taabu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi Aprili 1994, askari hao walijitoa katika mzingiro wakapigana na kuwaokoa watu wa mitaa ya karibu. Matundu yaliyochimbwa na makombora katika kuta za jengo hayakuzibwa. Yameachwa makusudi, na tangu Desemba 2017 sehemu ya jengo hilo ni makumbusho ya kampeni ya kuyakomesha mauaji yale. Askari au polisi apitaye Kigali akiwa likizoni na familia yake asikose kuyazuru, wala asiende kwa haraka.

Yapo mambo mengine yanayoupendeza moyo wa msomaji wa Kiswahili katika jengo hilo. Februari 2017 ndimo wabunge walimopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Tena, tangu uchaguzi wa mwaka 2008 wanawake ndio wengi katika Baraza la Wabunge lenye viti 80, jambo ambalo hakuna bunge lolote duniani lililokuwa limelifikia kabla ya hapo.

Katika Baraza hilo, mwezi Juni 2020, ulifikishwa na kuidhinishwa mkataba baina ya Rwanda na Urusi wa kujenga kituo cha sayansi na teknolojia ya nyuklia. Mkataba wenyewe ulikuwa umetiwa saini mjini Sochi mwezi Oktoba 2019, na mshirika wa upande wa Urusi alikuwa shirika la serikali liitwalo Rosatom. Wananchi wengi waliposikia habari hiyo redioni walidhani kwamba mtambo mkubwa wa kufua umeme utaanza kujengwa kesho yake. Sivyo ulivyokuwa mkataba ule. Kituo kilichokusudiwa kilikuwa cha utafiti, cha kufundishia wataalamu na cha kutengenezea dawa zenye mionzi zitumikazo hospitali, hasa katika kuchunguza na kutibu saratani, na pia cha kusaidia kilimo. Lakini si haki kuwacheka waliodhani vinginevyo, kwa kuwa njia ya kwenda kwenye umeme wa nyuklia hupita katika vituo vya namna hiyo, na Serikali haikuficha kwamba umeme ndio shabaha ya mbele.

Upinzani ulitoka kwa Chama cha Kijani cha Kidemokrasia kilichoongozwa na Dakta Frank Habineza, aliyekuwa mbunge tangu 2018. Hoja yake kubwa ilikuwa usalama katika nchi ndogo iliyosongamana watu. Chama kilishindwa, kwani kilikuwa na viti viwili tu. Hoja haikushindwa, maana kila hatua iliyofuata imeirudisha mezani.

Na hatua zilifuatana upesi. Rwanda ilikuwa mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 2012. Desemba 2020 iliundwa Bodi ya Nguvu za Atomiki ya Rwanda. Septemba 2023 bodi hiyo ilitia saini na kampuni ya Dual Fluid, yenye asili ya Ujerumani na Kanada, mapatano ya kujenga kinu cha majaribio: Rwanda itoe kiwanja na miundombinu, kampuni ibebe mzigo wa ufundi. Tarehe zilizotajwa wakati huo zilikuwa kinu kianze 2026 na majaribio yakamilike 2028. Mwaka 2024 ikafuata hati ya maelewano na kampuni ya Kimarekani, Nano Nuclear Energy. Mwaka 2025, kuanzia mwisho wa Juni, Kigali ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika juu ya nyuklia, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Atomiki, Rafael Grossi, akahudhuria. Wajumbe walikutana wakiwa na habari mpya mkononi: Benki ya Dunia, ambayo kwa miaka mingi haikutaka kukopesha miradi ya nyuklia, ilikuwa imeuondoa mwiko huo mwezi huohuo wa Juni. Nia iliyotangazwa na Rwanda ni kuwa na vinu vidogo vyenye kufua umeme mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Kwa nini haraka yote hii? Jibu moja liko nyuma ya majumba ya Kimihurura yenyewe. Mgeni akizunguka nyuma ya hoteli na mikahawa hukuta jenereta, nyingine zikiwa kimya kwa majuma mengi, lakini hazijang'olewa. Wafanyabiashara wa Kigali hawajasahau mwaka 2004.

Ili kuufahamu mwaka huo hapana budi kuondoka kilimani kwa kitambo kidogo na kwenda kaskazini, kwenye maziwa mawili yaliyo jirani, Burera na Ruhondo. Burera liko juu zaidi, na maji yanayoporomoka kutoka humo kuingia Ruhondo huendesha mitambo ya Ntaruka, kituo cha tangu 1959 chenye uwezo wa megawati zipatazo 11. Chini yake kipo cha Mukungwa, kilichoanza 1982. Ziwa Burera hulishwa na kinamasi kikubwa kiitwacho Rugezi, ambacho hufyonza mvua kama sifongo na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Basi wakulima waliobanwa na uhaba wa ardhi wakachimba mitaro ndani ya Rugezi, wakakausha sehemu yake, wakapanda mazao. Ukame ulipoongezeka, ziwa likashuka, Ntaruka ikapunguza kazi, na Kigali ikaingia gizani kwa zamu. Serikali ilikodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa, na bei ya umeme ikapanda zaidi ya maradufu. Hakuna mtambo uliolipuka. Hakuna adui aliyekata waya. Kilichoharibika ni kinamasi, kilometa nyingi kutoka kwenye swichi ya mlaji. Rugezi ilianza kurudishwa katika hali yake, mitaro ikazibwa, nayo mwaka 2005 ikaandikishwa miongoni mwa ardhi oevu zinazolindwa kimataifa. Ziwa likapanda tena.

Tangu hapo nchi imetafuta umeme kila pembe. Kule Karongi, mitambo ya KivuWatt huvuta gesi ya methani kutoka vilindi vya Ziwa Kivu na kufua megawati 26 tangu 2016. Nyabarongo ilifunguliwa 2015 ikiwa na megawati 28. Rwamagana lipo shamba la sola la megawati 8.5. Huko Gisagara huchomwa udongo mweusi wa mabondeni, ambao Wanyarwanda huuita nyiramugengeri. Maporomoko ya Rusumo, yenye megawati 80, hugawanywa sawasawa baina ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwaka 2010 kama kaya moja tu katika kumi ilikuwa na umeme. Kufikia 2024 zaidi ya saba katika kumi zilikuwa nao, wa gridi au wa sola ya nyumbani. Hiyo ni kazi kubwa, na atakayeibeza hakuwahi kufanya hesabu za shule kwa kibatari.

Hata hivyo, jumla ya mitambo yote ya nchi ni kama megawati 400 tu. Watetezi wa nyuklia husimama hapo. Mito yenye nguvu iliyobaki ni michache, husema. Gesi ya Kivu ni mali ya nchi mbili na ina mwisho wake. Jua huzama saa kumi na mbili ilhali mahitaji ya nyumbani hupanda saa moja. Nchi inayotaka kuwa na kipato cha juu ifikapo 2050 haiwezi kutegemea mvua. Kwao nyuklia ni moto usiozimika: chembe ya urani iliyo ndogo kama ncha ya kidole hutoa joto linalokaribia la tani moja ya makaa ya mawe, na kinu kikishajazwa hufanya kazi mwaka mzima au zaidi bila kuongezwa kitu. Chembe za atomu hupasuka, joto huchemsha maji au gesi, mvuke huzungusha rafadha, na umeme hutoka. Kwa ufundi, tofauti na mtambo wa makaa ni katika tanuri tu. Ingawa katika tanuri ndimo yalimo mambo yote.

Lakini hapo hesabu ya kwanza huwa ngumu. Wahandisi wa umeme hushauri kwamba mtambo mmoja usizidi kama sehemu moja ya kumi ya gridi nzima, ili ukizimika ghafla usiivute nchi yote gizani. Koeberg ya Afrika Kusini, iliyoanza 1984 na ambayo ndiyo pekee barani iliyokwisha kufua umeme wa nyuklia kwa biashara, ina vinu viwili, na kimoja chake tu kina zaidi ya mara mbili ya umeme wote wa Rwanda. Kwa hiyo Rwanda haina budi kuchagua vinu vidogo. Navyo vinu vidogo vinavyofanya kazi kweli duniani bado huhesabika kwa vidole: Urusi inavyo viwili juu ya meli iliyotia nanga Pevek, kaskazini ya mbali, tangu 2020, na China ilianza kukitumia cha Shidao Bay kibiashara Desemba 2023. Mfano wa Dual Fluid haujapata kujengwa popote. Kuwa wa kwanza ni heshima. Ni bahati nasibu pia, na watakaoichezea bahati nasibu hiyo ni majirani wa kiwanja.

Hesabu ya pili ni ya ardhi. Baada ya ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986, watu waliondolewa katika duara lenye nusu kipenyo cha kilometa 30. Duara la namna hiyo lina zaidi ya kilometa za mraba 2,800. Rwanda nzima ina 26,338, na sensa ya 2022 ilikuta watu 503 katika kila kilometa moja ya mraba. Likichorwa duara hilo mahali popote pa wastani nchini, litameza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nchi na kuwahamisha watu kama milioni moja na laki nne. Wapelekwe wapi? Watetezi hujibu, na jibu lao si la kupuuzwa, kwamba kinu kidogo kina joto kidogo, kwamba vingi vya siku hizi vimebuniwa vijipoze vyenyewe hata umeme ukikatika na watu wakikimbia, na kwamba kulinganisha na Chernobyl ni kama kulinganisha pikipiki na treni. Huenda ni kweli. Lakini jibu hilo limesimama juu ya michoro kuliko juu ya miaka ya kazi, na magharibi ya nchi si ardhi iliyolala: mwezi Februari 2008 tetemeko liliua watu pande zote mbili za mpaka, Rusizi na Bukavu, na mwaka 2021 Nyiragongo ilitema moto tena karibu na Goma.

Wale waliozoea lindo watauliza swali jingine, na ni haki yao. Afrika ya Kati ina uzoefu wake wa nyuklia, tena wa zamani. Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga. Kinu cha kwanza barani, cha utafiti, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za urani zilitoweka katika kituo hicho. Moja ilikuja kupatikana Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu, na ya pili haikuonekana. Kituo kilikuwa na ukuta, na kilikuwa na walinzi. Kinu cha umeme huhitaji kulindwa usiku na mchana kwa muda wa miaka sitini hivi ya kazi yake, na mabaki yake baada ya hapo kwa muda ambao hakuna jeshi lolote lililowahi kupangiwa zamu. Katika hotuba za mikutano jambo hili hupewa aya moja. Lilistahili kikao kizima.

Majirani nao hawajatulia. Uganda imechagua Buyende. Kenya ilikusudia kujenga Uyombo, pwani ya Kilifi, wavuvi na wenyeji wakaandamana mwaka 2024 wakakabiliana na polisi, na baadaye macho ya Serikali yakageukia Siaya, kandoni mwa Ziwa Viktoria. Kimihurura haikuona maandamano ya namna hiyo. Mjadala wake umefanyika kumbini, kwa sauti ya chini, na mgeni hawezi kuamua kwa kupita barabarani kama ukimya ule ni wa kukubali au wa kungojea.

Jambo moja hata mpita njia hulisikia. Kwa Kinyarwanda fasaha umeme ni amashanyarazi, lakini dukani na nyumbani watu husema umuriro, yaani moto. Mtu aliyeishiwa salio katika mita hununua moto. Lakini moto wa kupikia ni mwingine kabisa. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba kaya kama tatu katika kila nne nchini hupikia kuni, na nyingi za mijini hutumia makaa katika jiko liitwalo imbabura. Jioni, katika nyumba nyingi za mji, taa ni ya umeme na maharage yako juu ya makaa, kwani bei ya umeme haimruhusu mama kuyachemsha kwa saa mbili. Maharage hayajui siasa. Hata kinu kikija na kufanya kazi kama ilivyoahidiwa, misitu haitapona na moshi hautatoka jikoni mpaka bei ya kipimo kimoja cha umeme ishuke kufikia uwezo wa nyumba hizo. Na umeme wa nyuklia, ambao gharama yake karibu yote hulipwa mwanzoni kwa mkopo, haujulikani kwa urahisi wa bei. Katika Baraza lenye wanawake wengi kuliko wanaume, hili lingeweza kuwa swali la kwanza kuulizwa.

Wakati huohuo matayarisho yanaendelea. Vijana wa Kinyarwanda wamekwisha kupelekwa Urusi kusomea uhandisi wa nyuklia, na wengine wamerudi. Watahitajika wengi zaidi, si waendeshaji tu bali wakaguzi, watu wenye uwezo wa kusimama mbele ya waziri na kusema mtambo uzimwe leo, wakatiiwa. Kinu kitakachowashwa 2032 na kudumu miaka sitini kitazimwa 2092. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu huko Rugando atakuwa amestaafu kitambo, na kazi ya kukifumua kinu, kuyahamisha mabaki yake na kuyawekea lindo itawaangukia wajukuu zake.